Kakao Yangu Sasa ni ya Uganda

Kwa Mkubwa wa ile biro ya vibali vya mazao (jina silitaji, unajijua)

Mheshimiwa,

Natumaini muhuri wako haujambo. Mara tatu nimepanda Bunia kuufuata, mara tatu nimeambiwa umesafiri.

Nilikuwa na magunia 12 ya kakao. Tulikimbia mauaji ya Mei 2021 hapa Boga; tuliporudi tulikuta vichaka vimemeza mikakao, tukaanza upya na panga. Kakao hiyo niliivundika siku sita chini ya majani ya migomba, nikaianika mpaka punje ukiibana inalia. Ada yako ya kibali nikalipa, nikasubiri. Wiki ya tano nikaona kuvu nyeupe kwenye pembe ya gunia la kwanza. Nikamuuzia mchuuzi wa ng'ambo ya Semliki, kwa shilingi zake, kwa bei yake. Palepale uani aligeuza magunia nje ndani, jina langu nililolipaka rangi lisionekane. Kakao yangu ikawa ya Uganda.

Na ulikuwa msimu gani? Desemba 2024, kakao ilipopita dola 12,000 kwa tani huko New York!

Yule mchuuzi simlaumu. Alikuja na mizani, akalipa taslimu. Sabuni yetu, mabati yetu, hata makuta tunayonunulia chumvi, yote yanatoka kwao; wenzetu wanakua kwa sababu wanaamka mapema. Dhahabu ya Ituri nayo hulala huku ikaamkia Entebbe, habari ya miaka mingi. Mwaka 2022 mahakama ya Hague iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa mambo ya vita vya askari wake huku kwetu. Lakini kakao yangu hakuna askari aliyeipora. Niliitoa kwa mkono wangu, nikisubiri mkono wako.

Tarehe 8 Aprili 2022 Rais wetu alitia saini tuingie Jumuiya ya Afrika Mashariki. Redio ikasema mipaka itafunguka. Imefunguka, Mheshimiwa: kakao inatoka, jina linabaki kwako mezani.

Naomba ada ibandikwe ukutani. Kibali kikipita siku saba, rudisha pesa. Na nyinyi wakubwa wote, hadi wale wa bariyeri za njia ya Bunia, mtuambie: sisi ni Wakongomani siku ya kulipa tu?

Risiti yako ninayo. Mikakao imeanza kuzaa tena. Jana mchuuzi alinipigia simu kuuliza safari hii nitakuwa na magunia mangapi.

Mlimaji wa kakao, Boga