Ngazi ya Mwuguzi na Ipande Kando ya Kitanda

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa za jarida letu nipate kusema neno juu ya elimu ya juu ya wauguzi wawatunzao wagonjwa mahututi. Najua wako wasomaji watakaouliza, "Karani ana nini na mambo ya wodini?" Nawaomba wanivumilie hata mwisho, maana natumaini kuonyesha ya kuwa jambo hili hupita mezani petu sisi makarani mara nyingi, nasi hatulitambui.

Nitaanza na kisa. Miaka michache iliyopita shemeji yangu aligongwa na pikipiki wakati wa magharibi katika barabara kuu hapa Ihumwa, akachukuliwa mpaka hospitali ambayo sitaitaja. Mguu ulikuwa umevunjika. Ukafungwa, akapewa dawa ya maumivu, akalazwa katika wodi ya kawaida pamoja na wengine wengi. Sote tuliona kuwa hatari imekwisha pita, tukarudi nyumbani. Yapata saa nane ya usiku mwuguzi wa zamu, naye alikuwa peke yake, alisimama kando ya kitanda chake, akatazama saa, akahesabu pumzi. Mtu mzima mwenye afya akiwa ametulia hupumua mara 12 hata 20 kwa dakika. Shemeji yangu alikuwa akipumua mara 34. Mwuguzi akamshika mikono, akaona ni ya baridi. Akapima mapigo ya moyo na nguvu ya damu. Akampa oksijeni na maji ya mshipani, kisha akampigia daktari simu, akamwambia kwa maneno machache yaliyo wazi kuwa anadhani damu inavuja tumboni. Daktari akaja, na kabla ya mapambazuko mgonjwa alikuwa amekwisha pasuliwa. Leo shemeji yangu anapalilia zabibu zake.

Kisa kina sehemu ya pili. Baadaye nilipata kujua ya kuwa mwuguzi yule alikuwa na shahada ya uzamili ya uuguzi wa wagonjwa mahututi. Haukupita mwaka, jalada lake likaletwa mezani kwangu pamoja na agizo kwamba ahamishiwe ofisini, akashughulikie takwimu na taarifa, kwa sababu elimu yake ni kubwa. Walioamua hivyo hawakuwa na nia mbaya, walidhani wanamheshimu. Barua ya uhamisho niliiandika mimi, nikaipeleka itiwe sahihi, nikaweka nakala jaladani. Nilipokuwa nikipiga mhuri ndipo nilipokumbuka ile saa nane ya usiku.

Basi neno langu ni hili: elimu ya juu ya mwuguzi wa mahututi haimfai mgonjwa kitu, isipokuwa ngazi ya cheo nayo inapanda kando ya kitanda. Kama kila apandaye daraja huondolewa wodini, tutakuwa tunasomesha watu kwa gharama kubwa ili tuwatoe mahali wanapohitajiwa.

Yafaa tutazame wenzetu walivyofanya. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado huko Marekani, mwuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha mafunzo ya kumwezesha mwuguzi kupima, kutambua ugonjwa na kutibu kwa mipaka iliyowekwa. Tuseme mtu wa namna hiyo ni mwuguzi mtabibu. Mwanzoni kazi yake ilikuwa kwa watoto na jamaa zao katika sehemu zilizokosa madaktari. Kisha hospitali kubwa nazo zikaona haja yake kwa wagonjwa walio taabani, na katika miaka ya 1990 likatokea tawi la wauguzi watabibu wa wagonjwa mahututi, lenye mtihani wake wa taifa. Mwaka 2008 vyama na mabaraza ya uuguzi ya nchi ile yalikubaliana kuwa tawi hilo lisichanganywe na lile la matibabu ya kila siku, kwa maana aliyezoea kumtibu mgonjwa anayekuja kwa miguu yake hawezi kwa sababu hiyo tu kukabidhiwa aliyefungwa mashine ya kupumulia.

Njia yao ni ndefu. Mtu huanza kwa kuwa mwuguzi aliyesajiliwa na mwenye shahada. Aghalabu hufanya kazi wodini kwanza. Kisha husoma shahada ya uzamili, au hata ya uzamivu, akijifunza kwa kina utendaji wa mwili, nguvu na madhara ya dawa, na namna ya kumchunguza mgonjwa. Kwa kanuni zao za mwaka 2022, lazima awe amewahudumia wagonjwa kwa saa zisizopungua 750 chini ya msimamizi. Mwisho hufanya mtihani, ndipo apate leseni. Na cheo anachokipata baada ya taabu hiyo yote ni cha kumtibu mgonjwa. Haondolewi kitandani.

Nasi je? Tusijidharau, maana tumekwisha anza. Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili idara ya tiba ya dharura ilifunguliwa mwaka 2010, na mwaka huo huo madaktari wakaanza kusomea ubingwa wa tiba hiyo hapa nchini. Wa kwanza walihitimu mwaka 2013. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kimefundisha wauguzi shahada ya uzamili katika uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi. Hapa Dodoma tuna Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha St. John's, vyote vilivyoanzishwa mwaka 2007, navyo hufundisha wauguzi wa shahada ya kwanza. Tunayo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyoanza kazi mwaka 2015. Kwa hiyo mlango wa elimu uko. Ninalouliza ni mahali mlango huo unapotokea.

Sisi wa nyanda hizi za kati tuna sababu ya kuuliza kuliko wengine. Tarehe 24 Juni 2002 gari moshi la abiria lilishindwa kupanda mlima kati ya Msagali na Igandu, likarudi nyuma kwa kasi, likagonga gari la mizigo. Watu 281 walikufa. Majeruhi waliletwa Dodoma mjini kwa mamia, nao wauguzi na madaktari wa hapa walifanya yote yaliyo katika uwezo wa mwanadamu. Siku ile ubingwa wa tiba ya dharura ulikuwa haujaanza kufundishwa Tanzania. Reli ile hupita hapa petu, na barabara kuu ya Dar es Salaam nayo hupita hapa petu. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inafika Dodoma, na mji unapanuka kila upande tangu Serikali ilipohamia. Penye watu wengi na mwendo mwingi, ajali na magonjwa ya ghafla hayakosi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ni kweli kwamba majengo yameongezeka. Katika mwaka 2021 nchi yetu ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kwa ajili ya kupambana na madhara ya UVIKO-19, na sehemu yake ikatumika kujenga majengo ya dharura na vyumba vya wagonjwa mahututi katika hospitali nyingi. Tunashukuru. Lakini mashine haihesabu pumzi za mgonjwa ambaye haijafungwa kwake. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2025, uliofanywa katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, ulionyesha kuwa mgonjwa mmoja kati ya kila wanane waliolazwa alikuwa mahututi, na zaidi ya theluthi mbili ya mahututi hao walikuwa katika wodi za kawaida. Yaani walikuwa mahali kama pale alipolala shemeji yangu, pasipo mashine, chini ya macho ya mwuguzi mmoja wa zamu.

Ziko hoja tatu zinazopinga, nami sipendi kuziruka.

Wa kwanza husema, "Tuna upungufu wa wauguzi wa cheti na stashahada, uzamili wa nini?" Hoja hii ina nguvu. Wataalamu walioandika mwaka 2021 orodha ya matendo 40 ya lazima kwa kila mgonjwa mahututi walitaja mambo mepesi: kupima pumzi, kufungua njia ya hewa, kumlaza vizuri aliyezimia, kutoa oksijeni na maji. Mengi yake mwuguzi wa stashahada ayaweza kabisa. Lakini nani atamzoeza kila siku, amkosoe kwa upole, na aamue nini kifuatie dalili mbaya zikionekana? Mmoja aliyesoma sana, akikaa wodini, huwainua kumi walio pamoja naye. Akikaa ofisini huinua karatasi tu.

Wa pili husema, "Madaktari watachukizwa." Yamkini wengine watachukizwa. Walakini nchi hii imekwisha jaribu jambo gumu kuliko hili. Tangu miaka ya 1960 tulifundisha madaktari wasaidizi, nao walipasua akina mama walioshindwa kujifungua katika hospitali za wilaya. Utafiti wa mikoa ya Mwanza na Kigoma, uliotangazwa mwaka 2009, haukuona tofauti ya maana kati ya matokeo yao na ya madaktari wenye shahada. Mtu aliyefundishwa kazi moja vizuri, akawekewa mipaka na msimamizi, huaminika. Daktari aliyeitwa saa nane ya usiku hana hasara akimkuta mwuguzi ajuaye kwa nini amemwita.

Wa tatu husema, "Tukiwasomesha watakimbilia nchi za nje." Wengine watakwenda, nasi hatuwezi kuwafunga kamba. Lakini mtu huondoka upesi zaidi akiona kuwa kazi aliyoisomea haina jina katika nchi yake. Anayejua kuwa miaka mitano ijayo atakuwa mkuu wa kazi ile ile anayoipenda, kwa mshahara unaolingana na elimu yake, ana sababu ya kubaki.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, nayo nayaweka mbele ya chama chetu yapate kuzungumzwa.

La kwanza, apelekwaye kusomea uuguzi wa mahututi awe amekwisha tumika wodini miaka kadhaa, wala asichaguliwe kwa maksi za darasani peke yake.

La pili, sehemu kubwa ya mafunzo yake ifanyike katika hospitali za mikoa kama hizi zetu za Dodoma, pamoja na zile za muhula mkubwa wa jiji la Dar es Salaam, ili ajifunze kazi katika hali atakayoikuta.

La tatu, Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambalo hufanya kazi chini ya Sheria ya mwaka 2010, pamoja na Wizara, waandike wazi ni vipimo gani na dawa gani mtu huyu aweza kuagiza kwa mamlaka yake, na ni wapi lazima amngoje daktari. Mipaka iliyoandikwa humlinda mgonjwa, humlinda na mwuguzi pia.

La nne, ambalo ndilo letu hasa: muundo wa utumishi uwe na madaraja ya mwuguzi bingwa wa kitandani yanayopanda mpaka juu, sawa na yale ya uongozi, ili mtu asilazimike kuiacha stethoskopu ndipo apate nyongeza. Na katika ikama ya kila hospitali nafasi hiyo itajwe kwa jina lake, isifichwe chini ya maneno "Afisa Muuguzi" tu.

Ndugu wanachama, mambo haya hayaamuliwi na madaktari peke yao. Ruhusa ya masomo hupita masijala. Ikama huandikwa na makarani na maafisa utumishi. Barua ya uhamisho ina kumbukumbu namba, na namba ile huandikwa na mmoja wetu. Sisemi tukaidi amri za wakubwa. Hiyo si desturi ya utumishi. Nasema ya kuwa karani mwenye jalada mkononi ana haki, tena ana wajibu, kuandika katika dokezo maneno mawili matatu kabla jalada halijapanda juu: "Mtumishi huyu amesomea kutunza mahututi. Je, wodini yuko mwingine?" Mkubwa mwenye busara atalisoma neno hilo, na mara nyingine atabadili shauri.

Mimi sikuandika dokezo hilo. Niliona agizo liko sawa, lina sahihi na tarehe, nikalitimiza siku ile ile, tena nikajisifu kwa upesi wangu. Mwuguzi yule yuko ofisini mpaka leo, mtu mwema, mwenye kiti kizuri na dirisha linalotazama wodi aliyotoka. Nilipomwamkia juzi nilimwuliza kama amezoea kazi mpya. Akanijibu kuwa amezoea, ila usiku huamka saa nane bila kuamshwa na mtu.

Ni mimi mwenzenu,
Karani wa Ihumwa