Mwanao anapenda PS2 kuliko PS4? Muulize kwa nini

Mwezi Juni dada yangu aliyeolewa Ipinda, kule Kyela, alinipigia simu akiwa amekasirika. "Mdogo wangu, wewe ndiye unayeandika mambo ya afya. Njoo uongee na mwanao, hizi gemu zinamuua macho."

Mwanangu huyo, maana mtoto wa dada ni wako, ana miaka 13 na yuko darasa la saba. Mtihani ni Septemba. Alama zake zilikuwa zimeshuka tangu mwaka jana, na karibu kila jioni alilalamika kichwa kinauma. Kyela kichwa kikiuma, cha kwanza kufikiriwa ni malaria. Alipimwa mara mbili, hakukutwa na kitu. Hela yake ya chai ya shule nayo ilikuwa ikiishia kwenye banda la gemu.

Shemeji alikuwa na wazo lake. Mpunga ukishauzwa, anunue mashine moja ikae nyumbani ili mtoto asizurure. Swali lilikuwa ni ipi: PS2 iliyotumika ambayo fundi mmoja alikuwa anaiuza, au wajibane wapate PS4? Waliniachia mimi nishauri. Nami sikuwa nimeshika pedi tangu nilipokuwa chuo.

Mabanda mawili

Jumamosi nikamwomba kijana anitembeze. Banda la kwanza ni la mabati, lina PS2 mbili na TV za chogo, na benchi liko karibu kabisa na kioo. Mechi moja shilingi 200. La pili lina PS4, TV bapa kubwa imepigiliwa ukutani, feni, na viti vimepangwa mbali kidogo. Mechi moja shilingi 300. Vijana wamejaa la pili. La kwanza lina watoto wadogo na huyu wetu.

Nikamuuliza, "Wewe kwa nini hauendi kule kwa wenzako?"

Akasema, "Mama mdogo, kule wachezaji ni wadogo. Sioni mpira."

Nilidhani ni mambo ya hela. Nikaendelea na kazi niliyopewa.

Zinatofautianaje?

Mzazi ambaye naye anasumbuliwa na swali hili, nakupa nilichokusanya.

PS2 ilianza kuuzwa Japani mwaka 2000, nayo ni kati ya mashine za gemu zilizouzwa zaidi duniani. PS4 ilitoka 2013 na PS5 ikafuata 2020. Kwa mpira wa miguu, FIFA 14 ndiyo FIFA ya mwisho kutengenezwa kwa PS2. Kwenye PS3 ya mwisho ni FIFA 19. Baada ya FIFA 23 kampuni ya EA ikaachana na jina la FIFA, na tangu 2023 gemu yao inaitwa EA Sports FC. Ile PES ya Konami, ambayo wengi waliokulia kwenye mabanda wanaijua kama "Winning", tangu 2021 inaitwa eFootball na inapakuliwa bure.

Kwa picha, PS2 ilitengenezwa enzi za TV za chogo. Ukiichomeka kwenye TV bapa kwa zile waya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, picha inakuwa na ukungu. PS4 inatoa picha safi, lakini haina tundu la waya hizo, kwa hiyo TV ya chogo itakusumbua. Kwa umeme, PS2 inakula kidogo zaidi, na anayenunua luku ya elfu mbili ataona tofauti.

Kwa mwili wa mtoto, tofauti si kubwa kama wazazi tunavyodhani. Vidole gumba na shingo vinachoka kwenye zote. Usingizi unapotea kwenye zote. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Akicheza hadi saa sita usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi namba shuleni, mashine iwe ya zamani au mpya, hasara ni ileile.

Tofauti kubwa niliyoiona iko kwenye hela na mwisho wa mchezo. Kwenye PS2 dakika tisini zikiisha, zimeisha. Unampa mwenzako pedi. Hakuna intaneti wala duka ndani ya gemu. Gemu mpya zina sehemu ya kujenga timu yako kwa kufungua pakiti za wachezaji bila kujua ndani yake kuna nani. Unaweza kuzipata kwa kucheza sana, au kwa kulipa hela halisi. Mwaka 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha nchini Ubelgiji ilisema pakiti za namna hiyo zinazolipiwa ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 EA wakaacha kuuza pointi za FIFA nchini humo. Mzazi ambaye simu yake ina akaunti ya malipo na mtoto anaichezea eFootball, hili linakuhusu hata kama hauna mashine yoyote nyumbani.

PS4 na PS5 zina jambo moja zuri: mzazi anaweza kuweka ukomo wa muda wa kucheza na kuzuia manunuzi. PS2 haina ukomo wa muda. Ukomo wake ni wewe.

Basi nilikuwa tayari kumwambia shemeji achukue PS2, atabakiza na hela.

Matokeo ni ngapi?

Jumapili jioni nikarudi naye kwenye banda la PS4, nilitaka kuona vizuri hizo picha. Tukakaa benchi la nyuma. Bao likafungwa, watu wakapiga kelele. Nikamuuliza, "Sasa ni ngapi ngapi?"

Akakunja macho. Akainamisha kichwa upande mmoja. Akasema, "Si bao limeingia?"

"Ndiyo, lakini matokeo? Soma pale juu."

Hakuweza. Mimi nilikuwa naona namba, dakika na vifupi vya majina ya timu kutoka palepale. Yeye alikuwa anaangalia mechi kwa kusikiliza kelele za wenzake.

Hapo ndipo maneno yake ya jana yakanirudia. Hakuwa anaipenda PS2. Alikuwa analipenda lile benchi lililo karibu na kioo. Gemu za zamani kwenye banda lile anazichezea hatua moja kutoka kwenye TV. Kwenye mpya kamera inaonyesha uwanja kwa mbali, maandishi ni madogo, na kiti kiko mbali.

Usiku nikauliza maswali mengine. Shuleni anakaa wapi? Nyuma, kwa sababu amerefuka. Ubaoni anasoma? Kimya. Kisha akasema ananakili kwa jirani yake, na jirani huyo akiwa hajaja, siku hiyo haandiki. Alianza lini? Darasa la sita. Mbona hakusema? "Nilijua kila mtu anaona hivyo."

Dada akainuka akaenda jikoni. Alipotoka alikuwa amelia. Mwaka mzima alikuwa akimwita mvivu.

Nami siwezi kumlaumu, maana mimi mwenye kazi hii niliambiwa "sioni mpira" na nikapita.

Tulimpeleka Mbeya kupimwa. Macho yote mawili hayaoni mbali. Dawa yake ni miwani. Na kichwa kinachouma jioni kinaweza kabisa kutokana na kukaza macho kutwa nzima.

Je, gemu zimemharibu macho?

Hili ndilo swali la dada, na ninajua ni la wazazi wengi. Kukaa karibu na TV hakuharibu jicho. Kunalichosha, linakauka kwa sababu mtu akikodolea kioo hupepesa macho mara chache. Lakini mtoto anayesogelea TV kila mara mara nyingi anakuonyesha kuwa tatizo lipo tayari. Tunamfokea arudi nyuma, anatii, na dalili tumeificha wenyewe.

Tafiti zimeonyesha kuwa watoto wanaokaa nje kwenye mwanga wa mchana wana nafasi ndogo ya kupata tatizo la kutoona mbali. Kwa hiyo saa tatu ndani ya banda la mabati ni saa tatu ambazo mtoto hakuwa kwenye chandimu uwanjani. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 za mazoezi ya kutoa jasho kwa siku.

WHO pia limeuweka uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Lakini si kila mtoto anayependa gemu ni mgonjwa. Dalili ni kushindwa kujizuia, gemu kutangulia mambo mengine yote, na kuendelea hata pale anapoona inamuumiza, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 au zaidi.

Fanya haya wiki hii

1. Msimamishe mwanao mbali kidogo na bango au kalenda, afunike jicho moja, asome. Kisha jingine. Wewe simama palepale na ulinganishe.

2. Tazama kama anakunja macho, anapinda shingo, anasogelea TV au anashika daftari karibu na pua. Ukiona hivyo, mpeleke akapimwe macho na mtaalamu.

3. Muulize anakaa wapi darasani na kama anasoma ubao. Mwombe mwalimu amsogeze mbele wakati unatafuta miwani.

4. Akicheza, kila baada ya dakika 20 aangalie kitu cha mbali kwa sekunde 20.

5. Mkubaliane siku na mechi, sio "cheza kidogo". Kwetu ni Jumamosi, mechi tatu, na hela anapewa mkononi.

6. Kama gemu iko kwenye simu yako, namba ya siri ya malipo asiijue.

Siku tuliyochukua miwani, njia nzima kutoka Mbeya alikuwa anasoma mabango kwa sauti. Tulipopita Tukuyu akanyamaza, anaangalia dirishani. Nikamuuliza kulikoni. Akasema hakujua kuwa miti ya mlimani inaonekana mmojammoja.

Mashine haijanunuliwa. Hela ya mpunga imeenda kwenye nauli, miwani na vitabu vya marudio. Mtihani ni mwezi ujao, na mwaka mzima wa ubao haurudi kwa wiki chache, hilo tumeshalikubali. Ila sasa anakaa dawati la mbele na anaandika mwenyewe.

Jumamosi iliyopita alinipigia kwa simu ya mama yake. Amehamia banda la PS4. Mechi ya kwanza amefungwa nne bila. "Lakini mama mdogo," akasema, "zote nne nimeziona."