Eti "itaingia tu"!

Mhariri alinituma Kigoma, nikakaa Kasulu na Kibondo kufuatilia habari ambayo haihusiani kabisa na haya ninayoandika leo. Kazi ya gazeti nimeshaikabidhi. Hii ni ya kwangu mwenyewe, na naiandika goti likiwa na bandeji.

Nilisafiri na baiskeli yangu ya milimani, mtumba wa Dar. Kabla ya kuondoka nikajipa zawadi: dropa. Kwa wasioijua, ni nguzo ya siti inayopanda na kushuka ukiwa unaendesha. Ukifika kwenye mteremko unabonyeza kitufe kwenye hendeli, unaikalia, siti inazama. Ukifika mlimani unabonyeza tena, inapanda. Raha tupu, ikiwa ni saizi yako.

Yangu haikuwa. Bomba la fremu yangu linataka nguzo yenye unene wa milimita 31.6. Muuzaji alikuwa na ya 30.9. Nikamwambia inacheza. Akacheka: "Kaka, itaingia tu." Akakata kopo la soda, akalizungushia mara tatu, akakaza. Na kweli iliingia! Milimita 0.7, nani ahangaike nayo?

Nilihangaika nayo mimi, kwenye mteremko wa vumbi nje ya Kasulu. Kwanza siti ikageuka pua ikatazama kushoto, halafu nguzo nzima ikadidimia, nami nikaishia mtaroni. Aliyeninyanyua ni mzee aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Pole sana mwanangu. Umeumia?"

Nikajifuta vumbi, nikaitazama baiskeli yake. Phoenix kuukuu, siti imeshushwa mpaka mwisho, nati imeshika kutu. Nikamuuliza mbona haipandishi, maana kwa urefu ule magoti lazima yamguse kifuani. Akanijibu kama anamjibu mtoto: akiipandisha, miguu haitafika chini, na kwa mzigo ule akiyumba tu ameanguka. Na mlimani? "Mlimani nasukuma."

Hebu tafakarini hapo. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Kasulu iko juu ya mita 1,200. Huku ni kupanda na kushuka kutwa. Anayehitaji siti inayoshuka na kupanda ni huyu mzee, si mimi niliyekwenda kujionyesha! Lakini dropa nimevaa mimi, tena ya saizi isiyo yangu.

Mtasema ni umaskini, dropa ni ghali. Sawa, ni ghali. Lakini hamjui ilikoanzia. Mwaka 1984 kule California, Joe Breeze na Josh Angell walitoa kitu kilichoitwa Hite-Rite. Ilikuwa springi tu, iliyofungwa kati ya fremu na nguzo. Unalegeza kibanio kwa mkono, unaikalia siti inashuka, ukiinuka springi inairudisha juu. Hakuna waya wala kitufe. Mzee wangu hahitaji hata springi. Anahitaji kibanio cha kufungua kwa mkono badala ya nati yenye kutu, grisi kidogo, na nguzo inayolingana na bomba lake.

Ninachokasirikia ni hiki: "itaingia tu" imetoka dukani, imepanda hadi meza kuu. Sote tumeziona zile hafla. Mgeni rasmi, kitambaa cha satini, baiskeli zimepangwa mstari kwa ajili ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii au wanafunzi wanaotoka mbali. Zote saizi moja! Hotuba inataja idadi. Sijawahi kusikia hotuba inayotaja urefu wa mguu. Dada mfupi anapewa fremu ileile ya kaka mrefu, bomba la juu na yote, halafu akiiacha ukutani tunasema hawa watu hawathamini misaada. Angegawa viatu vyote namba 10 tungemcheka ukurasa wa mbele.

Na sisi waandishi? Nimeandika habari za namna hiyo. Nilihesabu baiskeli, nikanywa soda, nikarudi chumba cha habari. Sikumuuliza hata mmoja wao apande nione.

Kupima si sayansi ya roketi. Kaa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Goti linyooke bila nyonga kuyumba. Huo ndio urefu wako wa kupandia mlima. Anayetaka dropa apime sasa kutoka kwenye mdomo wa fremu hadi kwenye reli za siti. Mimi nimepata milimita 170, kwa hiyo ile ya kushuka 150 niliyouziwa hainifai hata ingekuwa na unene sahihi, kwa sababu kichwa na shingo yake vinakula nafasi. Yangu ni ya 100, basi. Angalia pia bomba lina kina gani, maana nguzo ndefu hukwama ndani kabla haijafika unapotaka. Unene pima kwa vania kalipa, ile ya fizikia kidato cha kwanza tuliyodhani haitatusaidia maishani. Mara nyingi utakuta 27.2, 30.9 au 31.6, na hakuna hata moja inayogeuka kuwa nyingine kwa kopo la soda.

Yule mzee tuliagana, akaendelea kusukuma kuelekea juu. Nilipofika Kibondo jioni, nafungua begi kutafuta dawa ya kidonda, nikakutana na spana mbili na kichupa cha oili. Vilikuwemo muda wote.