Shibe Peke Yake Haimlindi Askari

Apitaye Kanengo, eneo la viwanda lililoko kaskazini mwa Lilongwe, huyaona maghala marefu ya akiba ya mahindi ya taifa la Malawi. Askari alindaye ghala hulinda uhai wa watu. Lakini leo twapenda kuwauliza ndugu zetu wa majeshi na polisi swali moja: ghala likijaa mahindi, je, afya nayo imekwisha kupatikana?

Historia yatujibu kuwa sivyo. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliohifadhiwa nchini Malawi walipatwa na pelagra, ugonjwa uharibuo ngozi, uletao kuhara na kuvuruga akili. Waliougua walizidi 17,000. Hawakukosa mahindi, walikosa karanga, zilizokuwa zimepungua katika posho yao. Mahindi yana niasini, vitamini iuzuiayo ugonjwa huo, lakini imefungwa ndani ya punje hata mwili hauwezi kuitumia vyema. Wenyeji wa Mexico waliyachemsha mahindi kwa chokaa tangu zamani, na niasini ikafunguka. Ulaya iliyachukua mahindi, ikaiacha elimu ya jiko. Pelagra ikawaandama maskini wa Italia miaka mingi.

Wala asidhani mtu kuwa hayo ni ya wakimbizi tu. Katika safari ya manowari ya Japan iitwayo Ryujo, iliyomalizika mwaka 1883, mabaharia 169 kati ya 376 waliugua beriberi, na 25 wakafa pasipo kupigwa risasi. Chakula chao kikuu kilikuwa wali mweupe. Mwaka 1884, kwa shauri la daktari Takaki Kanehiro, manowari Tsukuba ilipita njia ile ile ikiwa na vyakula vya namna nyingi zaidi. Hakufa hata mmoja kwa beriberi.

Mwendo usiofika kilomita 50 kutoka Lilongwe iko Dzaleka, wilayani Dowa, mahali palipokuwa gereza kabla ya kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Palikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo wanaishi zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, Warundi na Wanyarwanda. Kiswahili kimewaunganisha wengi, na jiko nalo laweza kuwaunganisha. Majani ya muhogo tuyaitayo kisamvu, Mkongo ayaita sombe, Mrundi isombe, Mmalawi chigwada. Na wote wajua kuwa hayana budi kutwangwa na kuchemshwa sana ili sumu itoke. Mbaazi zetu ni nandolo zao. Dagaa wa Kigoma wafanana na usipa wa Ziwa Malawi. Nao unga wa karanga, nsinjiro, hutiwa katika mboga. Tazama basi: karanga ile ile ambayo kukosekana kwake kulileta pelagra, bibi wa Kichewa huitia chunguni bila kuagizwa na daktari.

Huenda mkuu wa mesi akasema fungu la fedha halitoshi. Twakubali kuwa nyama ni ghali. Lakini mchicha, matembele, mbaazi na karanga si vyakula vya matajiri. Dona halihitaji kiwanda kikubwa, nalo lina lishe kuliko sembe iliyokobolewa ikabaki weupe mtupu. Kambi yenye ardhi na maji haina udhuru wa kukosa bustani.

Tena, apangaye posho, iwe ya askari au ya mkimbizi, asihesabu magunia peke yake. Gunia huonyesha uzito; halionyeshi kilichokosekana. Na askari apelekwaye kulinda amani ugenini asikidharau chakula cha wenyeji, maana ndani yake mna maarifa ya vizazi vingi. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi twaongeza kuwa mgeni naye hupona, akikubali kuketi jamvini na kuonja.

Bunduki husafishwa kila siku ili isimwangushe mwenyewe wakati wa shida. Mwili uishikao bunduki hiyo nao wastahili uangalizi ule ule.