Tusitapishe vyoo mvuani

Masika yakipiga Dar es Salaam, wapo watu wanaosubiri mvua ikolee usiku ili watapishe vyoo. Wanatoboa ukuta wa karo, wanaacha majitaka yafuate maji ya mvua, kisha wanalala. Kunapokucha kinyesi kiko mlangoni kwa jirani, kwenye kisima cha mtaa na pale wanapochezea watoto. Huu ni uovu, na lazima ukome.

Sababu zake tunazijua. Sehemu kubwa ya jiji haina mabomba ya majitaka. Kaya nyingi hutegemea mashimo na makaro. Katika mitaa kama ya Tandale na Manzese nyumba zimebanana, gari la majitaka halipiti, na kumwita mwenye gari ni gharama inayomwelemea mama ntilie au mbeba mizigo. Hata hivyo, umaskini haumpi mtu ruhusa ya kumwagia jirani maradhi. Kipindupindu kilicholipuka jijini Agosti 2015 kilisambaa hadi mikoa mingi ya nchi, na mgonjwa wa kipindupindu asiyetibiwa anaweza kufa ndani ya saa chache.

Wa kwanza kuwajibika ni mwenye nyumba. Anayedai kodi ya miezi sita hawezi kusema choo ni shauri la wapangaji. Kinyesi kikibakiza nusu mita kufika sakafuni, shimo limejaa. Aite gari kabla mvua hazijaanza. Wapangaji nao waache kutupa pedi, nepi na chupa chooni, kwani huziba mpira wa gari wa kunyonyea majitaka. Choo kikishafurika, kisitumike, watoto wasisogee, maji ya kunywa yachemshwe na mikono ioshwe kwa sabuni.

Halmashauri nazo zisijifiche nyuma ya faini. Pampu za mkono zinazoingia vichochoroni zimeshatumika jijini. Ziongezwe, na wananchi waruhusiwe kulipa kidogo kidogo. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 ipo; itekelezwe. Mabwana afya na wenyeviti wa mitaa wapite nyumba kwa nyumba kukagua vyoo wakati wa kiangazi, wasingoje wagonjwa wajae kwenye kambi za kipindupindu.

Masika huanza Machi. Mwenye nyumba, kama choo chako kimejaa, kishughulikie sasa. Nawe unayemwona jirani akitapisha, toa taarifa serikali ya mtaa usiku huohuo. Unalinda watoto wako na wa kwake.