Tenga, Gunia na Jani la Mgomba



Siku ya gulio amka mapema, uende sokoni lori la nyanya linapofika. Simama pembeni utazame matenga yakishushwa. Utaona maji mekundu yakichuruzika chini ya tenga. Hayo si maji ya mvua. Ni jasho la mkulima. Nyanya za chini zimepondeka. Mnunuzi anazimwaga, kisha anakata bei ya tenga zima.

Wengi tukiona hivyo tunalaumu barabara. Wengine wanamlaumu dereva. Ni kweli, barabara mbovu huponda nyanya. Lakini barabara hatuwezi kuitengeneza kwa wiki moja. Tenga tunalisuka na kulijaza wenyewe. Mimi nasema tuanze na tenga.

Nyanya ikichumwa haifi. Inaendelea kupumua. Ikipumua inatoa joto na mvuke. Inatoa pia hewa inayoivisha nyanya zilizo karibu nayo. Sasa litazame tenga letu. Ni refu, na nyanya za chini zinabeba uzito wa zote zilizo juu. Katikati hakuna upepo, joto linajaa. Fito zina ncha zinazochoma ngozi ya nyanya, na palipochomwa ndipo ukungu unapoingilia. Juu yake tunaongeza lumbesa, tunafunika kwa nyasi na kukaza kamba. Hapo hatukufungasha nyanya. Tumezinyonga.

Sanduku la mbao ni bora. Kina chake kisizidi futi moja. Mbao zirandwe, na ziachiwe nafasi za kupitisha upepo. Nguzo za pembeni zipite juu ya nyanya, ili sanduku likipandwa na jingine, uzito ukae juu ya mbao. Chuma asubuhi, weka kivulini, tenga zilizopasuka. Usijaze kupita ukingo, hata mnunuzi akinuna.

Jioni moja darasani nilisema maneno haya. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwalimu, sanduku linataka mbao, misumari na fundi. Tenga nasuka mwenyewe. Likifika mjini sanduku langu, nani atanirudishia?" Sikuwa na jibu siku ile. Nitalirudia swali lake.

Mahindi ni kinyume cha nyanya. Nyanya inataka upepo, mahindi makavu yanataka kuzibwa. Gunia la kawaida linapitisha hewa, na dumuzi naye anapumua hewa hiyo hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walishirikiana na wenzao wa Kamerun kutafuta njia ya kuhifadhi kunde. Wakatengeneza mfuko wa tabaka tatu: mifuko miwili ya plastiki ndani, na kiroba cha nje. Kila mfuko unafungwa peke yake, kwa nguvu. Wadudu waliomo wanamaliza hewa, wanaacha kula na kuzaana, mwisho wanakufa. Huhitaji kuchanganya dawa na chakula cha watoto wako. Leo mifuko hiyo inatumika kwa mahindi pia, na inauzwa hapa Tanzania.

Lakini ukifungia mahindi mabichi humo, umefungia ukungu. Ukungu mwingine unaleta sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo. Kwa hiyo pima kwanza. Chukua chupa ya kioo, safi na kavu. Tia mahindi mpaka robo yake, ongeza kijiko cha chumvi kavu. Funga, tikisa vizuri, kisha iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Yarudishe juani.

Kuna atakayesema, "Mbona plastiki ilikatazwa?" Kilichokatazwa Tanzania kuanzia tarehe 1 Juni 2019 ni mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile tuliyotumia mara moja na kuitupa. Ilijaa mashambani na mitaroni, mbuzi wakaila. Mfuko wa tabaka tatu unatumika misimu kadhaa usipotoboka. Kabla ya kuutumia tena, ujaze upepo, uushike mdomo, usikilize kama unavuja.

Kwa samaki wa leo au kiporo cha shambani, jani la mgomba linatosha. Lipitishe juu ya moto lilainike, halitapasuka ukilikunja. Ukimaliza, mbuzi anakula na hakuna taka. Bibi zetu walijua. Ila tusidanganyane, jani haliwezi kutunza chakula siku nyingi. Na jambo moja sina mzaha nalo kabisa: dumu la dawa ya shamba au mfuko wa mbolea usitie chakula, hata ukiuosha mara kumi.

Sasa swali la mzee. Mtu mmoja peke yake akipeleka masanduku mjini, atayapoteza. Ndiyo maana naona masanduku yawe ya kikundi. Kila mmoja atoe mbao zake, fundi alipwe kwa pamoja, na kila sanduku lipigwe namba kwa rangi. Mchukuzi aweke rehani ya fedha, arudishiwe akileta masanduku. Na pawepo daftari. Wewe unayesoma ukurasa huu unaweza kulishika daftari hilo. Piga mistari, upate safu nne. Andika juu: namba ya sanduku, jina la mchukuzi, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi. Safu ya nne ikikaa tupu wiki mbili, mchukuzi huyo asipewe mzigo mwingine, na rehani yake inunue mbao.