Kuruta Apimwe na Wananchi Pia

Kijana anapohitimu katika Shule ya Polisi Moshi huwa amekwisha kupimwa kwa gwaride, kwa shabaha na kwa mtihani wa sheria. Wenye kalamu ni wakufunzi wake, nao ni askari. Mkazi wa Sakina, ambaye kesho atagongewa mlango na kijana huyo usiku wa manane, hana alama katika karatasi hiyo. Hali hiyo haifai kuendelea.

Sakina ndipo barabara ya njia nne kutoka Tengeru inapokomea, na safari ya Namanga ikaendelea. Wenyeji wa Kiarusha wamekaa ukuta kwa ukuta na wapangaji waliotoka kila mkoa, na mpangaji aweza kuhama kabla jirani hajalijua jina lake. Mahali kama hapo mhalifu hatambulikani kwa sura, bali kwa habari. Na habari anazo mama muuza ndizi, anazo kijana wa bodaboda, anazo mwalimu anayemwona mwanafunzi akija shuleni na simu asiyoweza kuinunua. Watu hao hawatamwambia neno askari wanayemhofia kuwa atalitoa jina lao kabla jua halijachwa. Kesi hukosa shahidi, mtuhumiwa hurudi mtaani, na aliyethubutu kusema hulala macho.

Jeshi la Polisi lilianzishwa na Waingereza mwaka 1919 kwa ajili ya kumlinda mtawala. Tangu Uhuru yamefanyika mengi ya kuligeuza liwe la wananchi. Sungusungu walioanza Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 walipewa nguvu ya kisheria mwaka 1989. Mwaka 2006 ikaja Polisi Jamii, na baadaye wakaguzi wakapelekwa katika kata. Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilipendekeza mageuzi makubwa ndani ya Jeshi hilo. Yafaa mageuzi yaanzie kwa kuruta, kabla tabia haijakomaa.

Mwalimu hapewi cheti bila kusimama mbele ya wanafunzi halisi huku akikaguliwa. Mtumishi wa Serikali naye hupitia kipindi cha majaribio. Kwa nini basi anayekabidhiwa bunduki na pingu asikae miezi michache katika mtaa, chini ya mkaguzi wa kata, akahudhuria mikutano ya wakazi, akatembea usiku na vikundi vya ulinzi shirikishi, na kupokea malalamiko yao? Kutoka Moshi hadi Sakina ni kilomita 80 hivi tu.

Wapo watakaosema kwamba muuza gongo atamnyima alama askari aliyemkamata. Ni kweli, na pengine kunyimwa huko ni sifa! Ndiyo maana wananchi wasiulizwe kama wanampenda. Waulizwe aliyoyatenda: je, aliandika maelezo ya mlalamikaji na kumsomea? Aliomba chochote? Alitunza siri? Bibi asiyejua Kiswahili vizuri alitafutiwa mkalimani, au aliambiwa arudi kesho?

Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliwataka vijana wafanye kazi kwanza, wapendekezwe na Chama na wenzao wa kazini, ndipo waingie Chuo Kikuu. Utaratibu huo ulilegezwa baadaye, lakini fikra yake ilikuwa sahihi. Hatari ya utaratibu wa namna hiyo iko mahali pamoja: kiongozi mmoja akiachiwa maoni ya mtaa mzima, maoni hugeuka kuwa muhuri, na muhuri hununulika. Kwa hiyo majibu yatolewe kwa siri na wakazi wengi, wakiwamo wapangaji na wanawake, na yakusanywe na walimu wa kata pamoja na ofisa mtendaji, kisha yapelekwe Moshi yakiwa yamefungwa.

Kuruta atakayeshindwa arudishwe darasani. Akishindwa mara ya pili, sare yake ibaki stoo.